Mashine Ndogo, Mguu Mrefu

Mazungumzo ya leo ni yenu zaidi, nyinyi mlioko ufukweni mnaotengeneza nyavu huku redio imetundikwa ukingoni mwa mashua. Nataka tuseme juu ya mashine ya boti, hii ya kupachika nje, pale inapokwenda kukaa kwenye chombo kilichoundwa kwa ajili ya tanga. Inunuliwe ipi, na ikaliswe wapi?

Boti za faiba tuziache leo. Zile huundwa zikisubiri mashine, na bila mashine hazina kazi. Nazungumzia mashua, dau na ngalawa: chombo chenye mlingoti, foromali na tanga lake, ambacho mwenyewe anataka msaada siku upepo unapomgomea.

Na siku hizo tunazijua. Kusi ikishashika, anayetoka Mombasa kwenda Lamu anasukumwa mgongoni, na anayerudi ndiye mwenye shughuli. Tanga letu la pembe tatu ni hodari kwa upepo wa nyuma na wa ubavuni, lakini kwenda bisho linasumbuka. Chombo kinakata bahari huku na huku, jasho linawatoka mabaharia kila wanapogeuza foromali, na mnara wa msikiti unaonekana palepale ulipokuwa saa moja iliyopita. Halafu kuna majira ya tanga mbili, kaskazi imeondoka na kusi haijafika, au kinyume chake, bahari imelala kama hakuna kitu. Tena kuna mlango wenye mkondo, maji yanatoka kwa nguvu na wewe unataka kuingia na samaki wako kabla barafu haijaisha.

Kwa hiyo mashine kwenye chombo cha tanga ina kazi ya kukitoa na kukiingiza bandarini, kukivusha shwari, na kukisaidia upepo au mkondo ukija usoni. Angalia vizuri kazi hizo. Hakuna hata moja ya mbio. Zote ni za kusukuma kitu kizito polepole. Ukilikubali hilo, nusu ya makosa yanayofanyika dukani hutayafanya.

Kosa kubwa ninaloliona pwani yetu ni hili: watu wananunua mashine kubwa kupita kiasi, yenye mguu mfupi kupita kiasi, kisha wanaipachika mahali palipomwia fundi rahisi. Mimi nasema kinyume chake. Nunua ndogo, mguu wake uwe mrefu, na mahali pa kuipachika pachaguliwe na chombo chenyewe.

Turudi nyuma kidogo, maana mashine hii ina asili yake. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwe aliyekulia Wisconsin kule Marekani, alianza kuziuza mwaka 1909. Ile ya kwanza ilikuwa na nguvu farasi moja na nusu na uzito wa kilo 28 hivi. Iliundwa ining'inizwe nyuma ya mashua ya makasia, ziwani, kwenye tezi bapa lisilo na usukani katikati wala kamba ya tanga inayopita juu yake. Yamaha, ambao leo jina lao linasomeka kwenye fukwe nyingi za pwani yetu, walitoa ya kwanza yao mwaka 1960, na umbo ni lilelile: vibana viwili, mguu, propela chini. Maana yake, kila mashine unayoiona dukani inadhani chombo chako kina tezi bapa, jepesi, la kimo fulani. Dau letu lililochongoka nyuma na mbele halikuwamo katika mawazo ya yule bwana. Kazi ya kuwapatanisha hao wawili ni yako wewe na fundi wako.

Sasa ukubwa. Chombo kinachopasua maji hujitengenezea wimbi, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo wimbi hilo linavyorefuka, mpaka urefu wake unakuwa sawa na urefu wa chombo. Ukiongeza nguvu baada ya hapo, tezi linazama kwenye bonde, omo inanyanyuka, na chombo kinabaki kuupanda mgongo wa wimbi lake chenyewe. Mwingereza William Froude aliichunguza tabia hii katika karne ya 19, akivuta vielelezo vya meli kwenye birika refu alilojenga Torquay. Kutokana na tabia hiyo mabaharia wana hesabu ya haraka: chukua urefu wa chombo kwa futi pale kinapogusa maji, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, unapata mwendo wake wa mwisho kwa noti. Mashua yenye futi 25 majini inapata noti 6.7, ambazo ni kama kilomita 12 kwa saa. Basi. Weka mashine ya nguvu farasi 15, weka ya 40, mashua hiyo itazunguka hapohapo kwenye kilomita 12 na ushee, kitakachobadilika ni petroli.

Na petroli hubadilika kweli. Mashine ya kuchanganya oili, ikifunguliwa mpaka mwisho, ya 15 inakunywa kama lita 6 kwa saa, na ya 40 inakaribia lita 15. Fanya hesabu yako mwenyewe kwa bei ya mjini kwako, mimi sitaki kumharibia mtu siku.

Basi inatosha ngapi? Kanuni ambayo wenye mashua za tanga hupeana ni nguvu farasi nne kwa kila tani, ukihesabu chombo, watu na mzigo pamoja. Mashua ya futi 25 iliyopakia, tani mbili hadi tatu, inataka kati ya 8 na 12. Kwa anayepita milango yenye mkondo mkali nakubali ya 15, na sina ugomvi naye. Anayeniambia 40 kwa mashua hiyo, namuuliza: unakwenda wapi kwa haraka hivyo, na huo mlingoti unauchukua wa nini?

Ngalawa ni habari nyingine kidogo. Mwili wake mrefu na mwembamba hautengenezi wimbi kubwa, kwa hiyo hesabu ya Froude haiibani sawasawa na inaweza kukimbia zaidi. Lakini ngalawa ina udhaifu wake, nao ni uzito. Mashine ya 15 ya kuchanganya oili ina kilo 36 hadi 40. Dumu la lita 25 la petroli ni kilo 18 na nusu. Mweke na nahodha wa kilo 70 ashike mkono wa mashine. Hapo una zaidi ya kilo 120 zimekaa nyuma kabisa, kwenye gogo lililochongwa likae sawa juu ya maji. Omo inaangalia mbinguni, matengo yanagusa maji kwa nyuma tu, na siku utakapopandisha tanga utaona chombo hakishiki njia. Kwa ngalawa, mashine ya 8 yenye kilo 27 au 30 inatosha kabisa, na dumu lisogezwe mbele kwa mpira mrefu wa mafuta.

Tukimaliza ukubwa, tuje kwenye propela, ambayo watu wengi huichukua ilivyokuja kwenye boksi. Propela imeandikwa namba mbili kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu. Chukua mashine inayozunguka mara 5,000 kwa dakika, gia yake inagawa kwa mbili, propela inazunguka mara 2,500. Kwa hatua ya inchi 11, propela hiyo inataka kwenda kilomita 42 kwa saa. Chombo chako kinaweza 12. Tofauti yote hiyo inaishia kwenye povu, huku mashine inakoroma bila kufikia mizunguko yake na moshi mweusi unakufuata mpaka nyumbani. Badili uweke ya inchi 7, sasa propela inataka 27. Bado ni nyingi, lakini maji yanashikwa, mashine inapumua, na chombo kinaondoka. Mpiga mbio na hamali wa mkokoteni wote wana miguu yenye nguvu, ila ukimpa mpiga mbio magunia ya saruji, hatua zake ndefu hazimfai kitu.

Kwa hiyo mwenye tanga atafute propela ya hatua fupi na kipenyo kikubwa kadiri mashine inavyoruhusu. Viwanda vingine vimefanya kazi hiyo vyenyewe. Yamaha wana mashine za 8 na 9.9 za aina ya High Thrust, ambazo gia yake inagawa karibu kwa tatu na propela yake ni pana. Tohatsu wana ya 6 waliyoiita Sail Pro, yenye mguu wa inchi 25, mahususi kwa vyombo vya tanga. Usipozipata, mashine ya kawaida iliyobadilishwa propela inakufikisha karibu na hapo kwa gharama ndogo.

Nimefika kwenye mguu, na hapa nitakaa kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapopotea. Miguu inakuja kwa vipimo vitatu: inchi 15, 20 na 25. Wa kwanza una herufi S, wa pili L, wa tatu X. Kipimo kinaanzia juu, pale mashine inapokalia ubao, mpaka kwenye lile bamba lililolala juu ya propela. Kwa boti ya mbio, bamba linawekwa usawa wa chini ya boti. Kwa chombo cha tanga hapana. Chombo cha tanga kinatikisika mbele na nyuma, wimbi linanyanyua tezi, na bamba likichungulia nje tu, propela inavuta hewa. Mnaijua sauti yake: mashine inapiga yowe ghafla, inazunguka bure, chombo kinasimama. Nayo hutokea palepale kwenye mdomo wa mlango, mawimbi yakiwa makubwa, miamba kushoto na kulia.

Kwa hiyo pima kabla ya kununua. Na usipime chombo kikiwa juu ya mchanga tu. Kipime majini mara mbili, kikiwa kitupu na kikiwa kimepakia, na kila mara uchore alama nyuma pale maji yanapofika. Hapo utakuwa na mistari miwili. Tuseme ubao wa kukalisha mashine uko inchi 14 juu ya mstari wa chombo kitupu. Mguu wa S, inchi 15, utaliacha bamba inchi moja tu ndani ya maji. Hautafaa hata kwa shwari. Mguu wa L, inchi 20, utalizamisha inchi 6, na hapo ndipo tunapopataka. Sasa pakia. Chombo kikishuka inchi 6 zaidi, ubao unabaki inchi 8 juu ya maji. Mashine bado iko salama, ingawa wimbi la nyuma linaweza kuilowesha. Kama chombo chako kinashuka zaidi ya hivyo, ubao mmoja hautoshi. Mwambie fundi akutengenezee wa kupanda na kushuka, wenye matundu mawili ya pini, moja la chombo kitupu na moja la chombo chenye mzigo.

Najua kuna nahodha anatikisa kichwa sasa hivi. Anasema mguu mrefu unafaa bahari kuu, lakini sisi tunapita Mkanda, nyuma ya Manda, tukiwahi maji kabla hayajapwa, mikoko inagusa foromali na chini ni tope. Ana haki. Pwani yetu maji ya bamvua yanashuka mita tatu hata nne, na miamba haina adabu. Lakini dawa ya maji mafupi ni kuinua mguu. Mguu mfupi utakuokoa kwenye tope na kukuangusha kwenye wimbi, na mimi ningependa kukwama kwenye tope. Hakikisha mashine inanyanyuka kwa urahisi na kushika ikiwa juu. Ukienda mbele, kile kitasa cha kufunga mguu kiwe wazi, ili ukigonga mwamba mguu uruke badala ya kuvunjika. Ukienda nyuma kifungwe, maana bila hivyo mguu utanyanyuka wenyewe na propela itakoroga hewa.

Kunyanyua kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijali. Propela iliyosimama majini huku unatembea kwa tanga inakuvuta nyuma muda wote. Mtu anapandisha tanga, analalamika chombo kimekuwa kizito tangu kitiwe mashine, na kumbe anaburura mguu majini. Kama mahali ulipopachika hapakuruhusu kuitoa yote nje ya maji, basi hapakufaa.

Basi tuipachike wapi?

Mashua ina tezi bapa, lakini katikati pana usukani. Kwa hiyo mashine inakaa pembeni, karibu na usukani kadiri inavyowezekana, kwa sababu ikikaa mbali na katikati inasukuma upande mmoja na kukulazimu kushika kana imepinda safari nzima. Karibu, lakini si karibu mno. Kuna kipimo chepesi. Chombo kikiwa juu, kimewekwa magadi, peleka usukani mpaka mwisho upande wa mashine, kisha geuza mashine mpaka mwisho upande wa usukani. Kama mkono wako haupiti kati ya propela na ubao wa usukani, sogeza. Nimeona usukani wa mvule umekatwa mistari kama mkate.

Upande gani, kulia au kushoto? Chombo kikilalia upepo, mashine iliyo upande wa demanini inazama na iliyo goshini inatoka nje, na kwa kuwa tunageuza, hakuna upande wa kudumu. Chagua upande usiokuwa na kazi ya kamba. Kamba ya demani inapita nyuma, na tanga linapogeuzwa inazunguka kwa nguvu, ikitafuta kitu cha kushika. Kichwa cha mashine ni kitu kizuri sana cha kushikwa. Kabla ya kutoboa hata tundu moja, pandisha tanga ufukweni siku ya upepo mdogo, geuza huku na huku, simama nyuma uangalie kamba inapita wapi. Usimwachie fundi peke yake jambo hili, maana fundi anazijua mbao na kamba unaijua wewe.

Kuhusu ubao wenyewe. Mashine inaposukuma, chini kwenye propela nguvu inakwenda mbele, na juu kwenye vibana nguvu inavuta nyuma. Mashine ya 15 inaweza kusukuma kwa uzito wa kilo mia moja hivi, na mguu unafanya kazi ya mtaimbo. Ndiyo maana ubao mzima huonekana umeng'oka na mashine yake, misumari imebaki imeinama. Misumari haina kazi hapa. Weka ubao wa mninga au mvule, unene wa inchi moja na nusu hadi moja na robo tatu ili vibana vishike vizuri. Upande wa ndani wa tezi uegemee kipande kingine cha mti kinachofika kwenye mataruma, na boliti zipite upande hadi upande zikiwa na washa pana ndani na nje. Boliti ziwe za chuma kisichopata kutu. Matundu yajazwe pamba ya kalafati iliyolowa mafuta kabla boliti haijapita, kwa sababu maji yakishaingia kwenye mbao za tezi, utayajua baada ya miaka miwili zikiwa zimeoza.

Vibana hukazwa kwa mkono, na mtikisiko huvilegeza. Vikaze tena baada ya nusu saa ya kwanza ya mwendo, na kila asubuhi. Na hata ukivikaza vipi, funga mashine kwa mnyororo au kamba imara kwenye taruma. Kamba hiyo inagharimu kidogo kuliko mzamiaji.

Dau sasa. Dau limechongoka nyuma, halina pa kukalisha kitu. Wapo wanaolikata tezi ili lipate ubapa. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Ule mchongoko ndio unaolipasua wimbi la nyuma likapita pande zote mbili. Ukiukata, wimbi lilelile linapata ukuta wa kusukuma, na siku ya kusi kali dau litataka kukugeukia ubavu. Kingamisha mti imara juu ya kingo mbili, karibu na nyuma, utokeze nje upande mmoja, na ubao uning'inie hapo ukiwa umefungwa chini na kipande cha kuegemea ubavu, ili nguvu ya kusukuma isiukamue mti peke yake. Haupendezi macho, ni kweli. Lakini siku ukitaka unaufungua, na dau linabaki dau. Ngalawa inafanyiwa vivyo hivyo, ila mti wake ukae mbele kidogo kuliko unavyodhani, kwa ajili ya ule uzito tuliousema.

Mengine niyapitie haraka. Ya kuchanganya oili au ile isiyochanganya? Sheria za moshi za Marekani na Ulaya zimezitoa madukani kwao zile za kizamani za kuchanganya, kwa kuwa hata robo ya petroli yake hutoka bila kuungua. Hapa kwetu bado zinapendwa, kwa wepesi wake na kwa sababu kila kijiji kina mtu anayeweza kuifungua. Isiyochanganya ya 15 inakaribia kilo 50, haili mafuta sana, na inapenda mwendo wa polepole, ambao ndio wetu. Kwa mashua ningechukua hiyo, kwa ngalawa ile nyepesi. Ukichagua ya kuchanganya, soma kibao chake. Kikisema 50 kwa 1, dumu la lita 25 linapata nusu lita ya oili, si kwa kukisia rangi. Mashine za umeme zinakuja na ni nzuri kwa kutoka na kuingia bandarini, lakini kwa mvuvi anayelala nje, betri bado ni ghali na umeme uko mbali.

Chini ya mguu kuna kipande cha zinki. Kazi yake ni kuliwa na maji ya chumvi ili mashine isiliwe. Usikipake rangi, na kikiisha nusu badilisha. Kila ukirudi, isuuze mashine kwa maji baridi ya kisimani, dakika chache, ndani ya pipa. Na ukiwasha, angalia mchirizi wa maji unaotoka nyuma; usipouona, zima papo hapo kabla mashine haijaungua.

Liko moja ambalo sitalipita haraka. Katika mashua zetu tunapika, na jiko la mkaa linakaa nyuma, karibu na nahodha, kwa sababu pana kivuli cha tanga na watu hawapitipiti. Zamani hapakuwa na neno. Siku hizi hapohapo pana dumu la petroli, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka mpaka ngamani na kutulia huko ukisubiri cheche. Jiko lihame. Liende mbele ya mlingoti, na wakati wa kujaza mafuta lizimwe kabisa, chai itasubiri. Kamba ya kuzimia mashine ifungwe mkononi mwa anayeiendesha, maana mtu akianguka kutoka kwenye chombo chenye mashine, chombo hakimsubiri.

Na ukishapachika, kamwone mkaguzi wa vyombo vya majini: TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar, KMA kwa Kenya. Chombo kilichoandikwa ni cha tanga sasa kina mashine, na ni vizuri karatasi zake ziseme hivyo kabla hujapakia abiria.

Namalizia na nyinyi mnaojiandaa kwenda dukani. Nenda na kipimo chako kimeandikwa kwenye karatasi: urefu wa chombo majini, uzito uliopakia, na inchi kutoka juu ya ubao mpaka mistari yote miwili ya maji. Mwambie muuzaji afungue boksi mbele yako, usiridhike na picha ya nje. Pima mguu kwa futi ya fundi, soma namba za propela, uliza impela ya pampu ya maji, pini na propela ya akiba zinapatikana wapi, na kama ni palepale dukani akuonyeshe. Akikwambia ana S tu lakini itafaa, mguu utauongeza kwa fundi, mshukuru, funga mkoba wako, toka.